Msiifute Sheria, Itieni Meno

Mwandishi mmoja anadai kwamba "Sheria ya Obama", sheria ya Marekani ya 2010 kuhusu madini ya migogoro, ndiyo iliyowakatia riziki wachimbaji wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, hivyo kampuni zisilazimishwe tena kueleza asili ya madini yao. Amemshitaki asiye mkosaji. Aliyefunga machimbo Septemba 2010 ni Joseph Kabila, rais wa Kongo wa wakati huo, na akayafungua Machi 2011. Kanuni za kuitekeleza sheria hiyo zilitoka Agosti 2012. Ni kweli, wanunuzi walikimbia mapema na njaa ikaingia majumbani. Lakini kukimbia waliamua wenyewe: sheria iliwataka waeleze, haikuwakataza kununua.

Ubovu wa sheria hiyo uko kwingine. Kampuni yaweza kuandika kwamba haikubaini asili ya madini, na mambo yakaishia hapo. Wakati huohuo waasi wa M23, walioiteka Rubaya, mji wa machimbo ulioko Masisi, Aprili 2024, wanatoza ushuru koltani, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti salongo: raia kulazimishwa kutengeneza barabara za machimbo bila malipo.

Sheria ikifutwa, atakayepumua ni mnunuzi, si mchimbaji. Tudai ukaguzi huru, adhabu kwa ripoti za uongo, na bei halali shimoni.