Nchi ya Koneksheni Haimtaki Mtu Anayejua Kupima Watu



Kila msimu wa mahafali tunasikia hotuba ileile. Mgeni rasmi anasimama, anawaangalia wahitimu waliokaa juani na majoho ya kukodi, halafu anasema: "Msisubiri kuajiriwa, nendeni mkajiajiri." Watu wanapiga makofi. Yeye anapanda gari la serikali, lenye dereva wa serikali na mafuta ya serikali, anarudi kwenye ajira yake.

Mimi nasoma sheria. Leo lakini sitaki kuwaongelea wanasheria, sisi tuna kesi yetu. Nataka kuwaongelea wenzetu wa saikolojia. Niliishi chumba kimoja hosteli na mmoja wao kwa miaka miwili, na yaliyompata baada ya chuo yamenifundisha jambo kuhusu nchi hii ambalo darasani sikulipata.

Huyu dada hakutaka kufungua kituo cha ushauri nasaha. Kwao walikuwa wanamuuliza, "Kwa hiyo wewe utatibu vichaa?" Anacheka tu. Yeye alitaka kuingia kwenye biashara: idara ya rasilimali watu, au kampuni ya utafiti wa masoko. Utafiti wake wa mwaka wa mwisho aliufanya sokoni, akiwauliza mama lishe na wauza mitumba kwa nini wanaweka hela kwenye kikoba na si benki. Alikuwa anarudi jioni miguu imejaa vumbi, daftari limejaa majibu ambayo benki yoyote yenye akili ingeyalipia.

Akahitimu. Akatuma maombi, miezi ikakatika. Mwishowe akapata nafasi ya kujitolea kwenye ofisi moja, idara ya utumishi. Kujitolea maana yake mnaijua: nauli yako, chakula chako, na chai ya bosi unachemsha wewe. Siku moja ofisi ikawa inatafuta watu wa huduma kwa wateja. Mwenzetu akakesha akiandaa maswali: kila msailiwa aulizwe yaleyale, kwa mpangilio uleule, kila jibu lipewe alama kwa kigezo kilichoandikwa mapema. Asubuhi akampelekea mkuu wake. Mkuu akayasoma, akatabasamu, akamwambia, "Mdogo wangu, hii ni nzuri sana, lakini majina yameshashuka."

Majina yameshashuka! Niliposikia sentensi hiyo nilielewa kila kitu.

Hebu tuelezane kidogo, maana wengi tunadhani saikolojia ni kukaa na mtu aliyeachwa na mchumba. Kuna tawi zima la fani hii linaloshughulika na kazi na biashara, na lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyefundisha Harvard, alichapisha kitabu chake kuhusu saikolojia na ufanisi wa viwanda kwa Kiingereza mwaka 1913. Mwaka 2002 Tuzo ya Nobel ya uchumi alipewa Daniel Kahneman, na huyo hakuwa mchumi, alikuwa mwanasaikolojia. Serikali ya Uingereza mwaka 2010 iliunda kikosi maalumu cha kutumia elimu ya tabia za watu kwenye sera zake.

Na moja ya mambo yaliyopimwa sana katika tawi hilo ni hili la usaili. Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 wakayachapisha mwaka 1998. Walionyesha kwamba usaili wenye maswali yaliyopangwa unatabiri utendaji wa mtu kazini vizuri kuliko maongezi ya hivihivi ya "tuambie kuhusu wewe". Kumpa mtu sampuli ya kazi yenyewe aifanye, nako kunatabiri vizuri. Yaani kile alichokesha akikiandaa mwenzetu si mbwembwe za mtoto wa chuo. Ni kipimo kinachojulikana duniani.

Sasa jiulize: nani anakihitaji kipimo hicho hapa kwetu? Fundi nguo ananunua futi ya kupimia kwa sababu anataka nguo imtoshe mteja. Mtu ambaye ameshaamua nguo ni ya mpwa wake, futi ya nini? Nchi inayoajiri kwa kujuana haimhitaji mtu anayejua kupima watu. Tena inamwogopa, kwa sababu ile karatasi ya alama ni ushahidi. Siku aliyekosa kazi akiuliza "kwa nini yule na si mimi", karatasi itajibu.

Nitakuwa mkweli, maana hatupingi kwa kupinga tu. Ajira nyingi za serikali siku hizi zinapita kwenye mfumo, na kuna mitihani ya mchujo. TRA mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596, wakapokea maombi 135,027, na walioitwa walifanyishwa mtihani wa kuandika. Hilo ni jema. Lakini piga hesabu: ni watu zaidi ya 84 kwa kiti kimoja. Na nje ya lango hilo, kwenye ajira za mkataba, za muda, za makampuni yanayoishi kwa zabuni za wakubwa, mambo ni yaleyale ya majina kushuka.

Turudi kwa mwenzetu. Baada ya kujitolea miezi saba bila senti, alipata kazi kweli. Kampuni moja ya mikopo ya simu. Usaili wake ulikuwa swali moja: "Mtu mkaidi unamfanyaje akubali?" Akajibu kama alivyofundishwa, unamsikiliza kwanza. Wakampa kazi, wakampa kiti, vifaa vya kusikilizia simu, na orodha ya wadaiwa.

Kazi yenyewe haikuwa kusikiliza. Mdaiwa akichelewa siku mbili, unampigia. Asipopokea, unafungua majina yaliyonyonywa kwenye simu yake siku alipopakua programu: mama mkwe, bosi, mchungaji, mwenyekiti wa kikoba. Unawapigia hao. Unawaambia mwenzao ni tapeli. Msimamizi alikuwa anampigia makofi begani: "Wewe si umesoma saikolojia? Unajua pa kumgusa."

Alinipigia usiku mmoja. Kuna mama alikuwa anadaiwa elfu sitini, ikawa laki na ushee, na yeye ndiye aliyempigia baba mkwe wa yule mama. Akaniambia, "Nimesoma miaka mitatu nijue mtu anaumia wapi. Sasa nalipwa nimguse hapohapo." Wiki iliyofuata akaacha. Yupo nyumbani mpaka leo, anasaidia duka la mama yake. Deni la mkopo wa chuo linamsubiri. Siku akipata ajira rasmi, 15% ya mshahara itaanza kukatwa.

Kwa hiyo wanaosema "saikolojia haina soko" wananikosea hesabu. Soko lipo! Yupo anayejua thamani ya digrii hii: mwenye mikopo ya kausha damu. Yupo na mwenye kamari ya simu, anayehitaji kujua ni ujumbe gani, saa ngapi, utamfanya kijana aliyepoteza elfu tano aweke elfu kumi. Hao wanataka kujua hofu ya mtu na tamaa yake. Wanaotakiwa kutaka kujua uwezo wa mtu, hao ndo hawapo.

Kama mwanafunzi wa sheria naomba niongeze hili, kwa sababu tunapenda kuambiwa kwamba sheria hazipo. Zipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kumpigia mchungaji wa mtu kwa namba uliyoichota kwenye simu yake haiwezi kupita humo salama. Benki Kuu yenyewe Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Sitini na tisa! Hazikuota usiku mmoja kama uyoga. Zilikuwa zinaajiri, zinapangisha ofisi, zinatangaza mitandaoni, na wenye mamlaka walikuwa wanaziona.

Na Katiba? Ibara ya 22 inasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi. Ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kuifanya haki hiyo iwe kweli. Umefurahi? Sasa rudi nyuma usome ibara ya 7(2): mambo ya sehemu hiyo, pamoja na hiyo ibara ya 11, huwezi kuyadai mahakamani. Ndiyo maana tunasema Katiba Mpya si wimbo wa wanasiasa. Ni kuhusu ahadi iliyoandikwa kwa namna ambayo mtoaji wake hawezi kushitakiwa.

"Basi ajiajiri." Sawa, twende hukohuko. Kusajili jina la biashara BRELA si ghali, elfu ishirini unamaliza. Halafu TIN, halafu leseni ya halmashauri, halafu fremu, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukipata mteja, analipa baada ya miezi mitatu, na kodi ya zuio 5% imeshakatwa. Mkopo wa halmashauri wa 4% ya vijana? Ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya madudu ya vikundi hewa na marejesho, ukarudi 2024. Waliokula hawakuwa wahitimu wa saikolojia, lakini waliosubiri zaidi ya mwaka ni sisi.

Na hata ukivuka yote hayo, unamuuzia nani? Mteja wa huduma ya kupima waombaji kazi ni yuleyule bosi ambaye majina yake yameshashuka. Huwezi kujiajiri kwenye soko ambalo mnunuzi hataki ukweli.

Sasa nigeuke kwetu, msinikasirikie. Sisi upinzani tukiongelea ajira tunataja walimu na manesi, basi. Ni haki yao, lakini ukiniuliza tutamfanyia nini mhitimu wa saikolojia, sosholojia au takwimu anayetaka kuingia kwenye biashara, sina ukurasa wa kukuonyesha. Na tuambiane ukweli mwingine: je, nafasi zetu wenyewe, ofisi za kanda, timu za kampeni, tunazigawa kwa vigezo au kwa nani anamjua nani? Huwezi kumnyooshea mtu kidole kwa koneksheni huku yako umeificha mgongoni.

Ninachopendekeza tukibebe ni hivi.

Kwanza, kila mwajiri anayelipwa kwa fedha ya umma, hata kwa zabuni au mkataba, aweke vigezo na alama za usaili kwa maandishi, na aliyekosa awe na haki ya kuona alama zake. Hapo kazi za wanasaikolojia zitajitengeneza zenyewe, kwa sababu mtu wa kuandaa vipimo hivyo atatafutwa.

Pili, tupate sheria ya taaluma hii. Kenya walitunga yao ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Sisi bado. Bila sheria, aliyesoma na tapeli wa mtandaoni wanaitwa jina moja, na mwajiri hana pa kuuliza.

Tatu, sheria ya zabuni inatenga 30% kwa makundi maalumu, vijana tukiwemo. Tudai itumike pia kwa huduma za kichwa: tafiti za wateja, mafunzo ya watumishi, upimaji wa huduma hospitalini na kwenye vituo vya mabasi. Kijana hajui kushona sare na kupika chakula cha semina tu.

Nne, kujitolea bila malipo zaidi ya miezi mitatu kupigwe marufuku. Ofisi inayokuhitaji miezi saba inakuhitaji. Ikulipe.

Tano, wanaowapigia simu wakwe za watu washitakiwe, wakianza wenye kampuni. Wasianze na binti aliyekalishwa kwenye kiti akapewa orodha.

Wewe unayesoma saikolojia sasa hivi, usiibadilishe fani yako kwa sababu ya hotuba ya mgeni rasmi. Jifunze takwimu vizuri, jifunze kuandaa dodoso na kulichambua, nenda kafanye fildi kwenye biashara, si shuleni tu. Ukiitwa kwenye kazi ya kutisha watu, ujue kwamba tatizo si digrii yako. Na ukikuta ofisi ina orodha ya majina mfukoni, andika tarehe, andika ulichoona, lete kwenye mkutano wa tawi lako. Sisi tunaosoma sheria tupo, kazi hiyo tunaiweza.

Yule dada juzi nilimpelekea rasimu ya andiko hili aisome. Akaniambia nitoe kipande cha yule mama. Nikamuuliza kwa nini. Akasema bado anaikumbuka sauti ya baba mkwe. Mwishoni akakubali kibaki, kwa sharti moja: niseme wazi kwamba zile karatasi zake za maswali bado anazo, na siku nchi ikizihitaji anajua zilipo.