Funika viungo, usome kinachobaki

MIZANI YA WIKI
Na Mwanaidi Shekiondo

Jumapili iliyopita binti wa dada yangu alinikabidhi simu yake akaniambia, "Mama mkubwa, hebu nisomee hizi barua. Ama mimi ndiye sielewi, ama wao ndio hawasemi kitu." Binti huyu anauza vikapu na mikeka ya ukili hapa Tanga. Wateja wake wengi wako Dar es Salaam na Arusha. Wanaviona vikapu Instagram, wanaagiza kwa WhatsApp, naye anapakia mzigo kwenye basi la alfajiri. Miezi minane iliyopita aliamua kuisoma biashara ya mtandaoni kwa utaratibu, akajiandikisha kupokea majarida ya barua pepe ya walimu wa masoko: Wamarekani kadhaa, Waingereza, Mkenya mmoja na Mtanzania mmoja aliyeko ughaibuni. Yote kumi na moja, yote ya bure. Siku ile tulipokaa barazani, barua ambazo hakuwahi kuzifungua zilikuwa zimepita mia nne.

Nilishinda nazo mchana kutwa. Naandika nilichokiona kwa sababu vijana wanaojifunza biashara kwa njia hii ni wengi, na fedha inayowatoka ni fedha waliyoitolea jasho.

Nianze na jarida lililomgharimu. Siku ya kwanza alitumiwa kijitabu cha bure cha kurasa 14, na nne kati ya hizo ni picha na wasifu wa mwandishi. Siku ya pili ikaja hadithi: mwandishi alikuwa akilala ndani ya gari, madeni shingoni, mke mjamzito, ndipo akagundua "mfumo". Siku ya tatu zikaja shuhuda za wanafunzi wake. Siku ya nne binti akaalikwa kwenye darasa la mtandaoni la saa moja na nusu. Saa nzima ya mwanzo ilikuwa hadithi ile ile ya gari, imerefushwa. Nusu saa ya mwisho ilikuwa bei. Bando la wiki likaishia hapo. Siku ya tano ikaingia barua yenye saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma: zimebaki saa 11 na dakika 42, punguzo linafungwa, halirudi tena. Akalipa dola 97, karibu shilingi 250,000. Faida yake kwa kikapu kimoja ni shilingi 5,000. Piga hesabu: vikapu hamsini, tangu kununua ukili hadi kushona, kufungasha na kufikisha stendi.

Nikakifungua kiungo kile kile kwenye simu yangu mwenyewe. Saa nyekundu ikaanza upya, saa 24 kamili, bei ile ile, maneno yale yale kwamba punguzo halirudi. Miezi saba ilikuwa imepita tangu alipe. Nikamgeuzia skrini. Aliitazama kwa muda, hakusema neno, akainuka kwenda ndani kuleta chai.

Kozi yenyewe ilikuwa na nini? Video sita. Ya kwanza ilimfundisha kuchagua jambo la kuwafundisha watu. Ya pili, kuandika kijitabu cha bure. Ya tatu, kukusanya barua pepe za watu. Zilizobaki, kuandika barua tano za kuwauzia kozi. Yaani alinunua kozi ya kutengeneza kozi. Kikapu hakimo, mteja wa kikapu hayumo, na nauli ya mzigo wa basi haimo.

Wengi wananiuliza kama majarida haya ni elimu au ni matangazo tu, na jibu langu ni kwamba tumelikosea swali. Kuuza si kosa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini vikapu vya binti yetu ni vizuri kweli na bila kutembezwa vitaozea stoo. Swali ninalolitaka ni jingine: huyu anayenifundisha kuuza, yeye anauza nini? Ukiondoa mafunzo ya kuuza, kinabaki kitu gani mezani kwake?

Chukua mfano wa zamani. Mwaka 1895 kampuni ya Deere ya Marekani, watengenezaji wa majembe ya kukokotwa, ilianza kuchapisha jarida la wakulima liitwalo The Furrow, yaani mfuo wa jembe. Kampuni ilitaka kuuza majembe na haikuficha. Lakini jarida lilizungumza na mkulima juu ya shamba lake, na linachapishwa hadi leo. Ufaransa, mwaka 1900, ndugu wawili Michelin, watengenezaji wa matairi, walitoa kitabu cha bure kwa wenye magari wakati nchi nzima haikuwa na magari hata 3,000. Ndani yake mlikuwa na ramani, mahali pa kupata petroli, mahali pa kulala, na maelezo ya kubadilisha tairi. Hesabu yao ilikuwa wazi: kadiri watu wanavyosafiri, ndivyo matairi yanavyolika. Hata hivyo, msomaji aliyeharibikiwa njiani alipata msaada hata kama tairi lake lilikuwa la kampuni nyingine.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mwenye jembe anaweza kumpa mkulima maarifa ya kweli bila kupoteza kitu, kwa sababu mkulima akifanikiwa atarudi kununua jembe. Asiye na jembe, ambaye maarifa ndiyo bidhaa yake pekee, kila akikupa bure kitu kinachofaa anaona amekula mtaji wake. Kwa hiyo anakupa harufu ya chakula. Kila barua inaishia pale pale ulipoanza kuelewa, na chini yake kuna maandishi ya buluu: bonyeza hapa upate siri yenyewe.

Na barua hazikomi kwa sababu kuzituma hakugharimu. Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwenye mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti. Wengi walikasirika, lakini kompyuta aliziuza. Leo piga hesabu ya mtu mwenye orodha ya watu 100,000. Katika kila watu 200, akinunua mmoja tu kozi ya dola 97, hao ni wanunuzi 500 na dola 48,500 kwa barua moja. Wale 99,500 ambao hawakupata chochote wataandikiwa tena kesho asubuhi. Na katika mipango mingi ya aina hii anayebonyeza kiungo ndiye anayeongezewa barua, kwa kuwa ameonyesha kwamba anatamani. Binti wa watu alikuwa akibonyeza kila kiungo kwa kudhani ndiko kusoma kwa bidii.

Jambo lililonitia uchungu zaidi lilikuwa kwenye barua za Jumanne moja. Siku hiyo walimu wanne tofauti walimwandikia, kila mmoja akimsifu "rafiki yangu wa siku nyingi" aliyetoa kozi mpya. Nikaziweka barua zile moja baada ya nyingine. Sentensi tatu za mwanzo zilikuwa zimefanana neno kwa neno katika barua zote nne. Huu ni udalali, na una mfumo wake. Mwenye kozi huwaandalia madalali barua iliyokwisha kuandikwa, nao huweka majina yao chini na kulipwa kamisheni kwa kila anayenunua. Amazon iliutumia mpango wa namna hiyo tangu 1996 kuuza vitabu, na ClickBank, iliyoanza 1998, imejengwa juu yake. Huko zipo bidhaa ambazo dalali huondoka na asilimia 75 ya bei. Fikiria mwalimu wako anakusifia kitu ambacho robo tatu ya bei yake inaingia mfukoni mwake. Miongozo ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani inamtaka anayelipwa kwa kusifu bidhaa aseme kwamba analipwa. Katika barua zile nne, moja tu ilisema, kwa herufi ndogo chini kabisa ya anwani.

Madalali sisi tunawajua. Dalali wa nyumba Tanga hafichi kwamba ni dalali. Unampa cha kwake na mnaachana kwa heri. Ninayemlaumu ni dalali anayevaa joho la mwalimu.

Wapo waandishi wa kweli katika kazi hii, na haki yao niwape. Mmarekani Gary Halbert alikuwa bingwa wa kuandika barua za kuuza kwa posta, na tangu miaka ya 1980 alitoa jarida la kulipia. Lakini maandishi yake ambayo watu wa fani hii wanayarudia zaidi ni barua alizomwandikia mwanawe Bond mwaka 1984, akiwa mfungwa katika gereza la Boron, California. Humo anamweleza kijana juu ya kutembea kila siku, kula vizuri, kumchunguza mnunuzi kabla ya kuandika, na namna ya kupanga maneno ili mtu asome hadi mwisho. Mimi nadhani ubora wake unatokana na jambo moja: msomaji alikuwa mwanawe, na hapakuwa na kitu cha kumuuzia.

Na hata katika yale kumi na moja, mawili yalikuwa mazuri. Moja linaandikwa na mtu anayeuza programu ya kupanga oda za maduka madogo. Kila Alhamisi anachukua duka moja na kueleza kosa lake moja. Barua moja ilisema mteja hawezi kukishika kitu kwa mkono, kwa hiyo mshikie wewe kwa maneno: kina ukubwa gani, kinabeba nini, kitakaa wapi nyumbani. Binti akaenda kubadilisha maelezo yake. Zamani aliandika, "Kikapu kizuri sana, bei njoo DM." Sasa ameandika upana na kimo kwa sentimita, bei pale pale, na maneno haya: "Kinabeba kilo tano za unga, nazi nne na mafungu mawili ya mchicha, na mkono hauumi." Ananiambia maswali ya "bei gani" yamekwisha na wanaomwandikia sasa ni wanaotaka kununua. Barua ile haikumtoza senti. Mwenye programu alikuwa na tangazo lake chini, mstari mmoja, na binti hakuinunua programu kwa sababu haihitaji bado.

Baada ya chai tukafanya jaribio ambalo nalipendekeza kwa kila mwenye majarida ya namna hii kwenye simu yake. Tulichukua barua kumi za mwisho za kila mwandishi. Kila palipokuwa na kiungo, au sentensi inayomwita msomaji kwenye kiungo, nilifunika kwa kidole gumba. Kisha yeye akasoma kilichobaki kwa sauti na kujibu swali moja: kuna jambo hapa la kufanya kesho asubuhi kwenye vikapu? Jarida la programu lilipata saba kati ya kumi. Jingine, la mwanamke anayeuza mbegu za maua kwa posta, lilipata sita. Yaliyobaki tisa hayakuzidi moja, na matatu yalitoka mikono mitupu. Katika barua moja, nilipofunika viungo, kilichobaki ni jina la binti mwenyewe na salamu.

Tukajiondoa kwenye yote tisa. Kazi hiyo imekuwa rahisi kuliko zamani, kwa kuwa mwaka 2024 Google na Yahoo ziliwawekea wanaotuma barua kwa wingi masharti ya kumruhusu mpokeaji ajiondoe kwa mbofyo mmoja. Asiyekuacha baada ya hapo, sheria ipo: Kenya wanayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inakupa haki ya kuzuia taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara. Naomba Tume yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iitangaze haki hiyo kwa Kiswahili chepesi, redioni na sokoni, maana wanaoihitaji zaidi ndio wasioijua. Kuhusu dola 97, tuliandika kuomba zirudishwe. Tulijibiwa usiku ule ule kwamba muda wa kurudisha ulikuwa siku 30, na chini ya jibu palikuwa na ofa ya kozi nyingine.

Jioni binti akasema anataka kuanza kuwaandikia wateja wake mwenyewe. Anao 63 kwenye orodha yake ya WhatsApp, wote wamewahi kununua, na kwanza amemuuliza kila mmoja kama angependa kuandikiwa mara moja kwa mwezi. Wanane wamesema hapana, amewatoa. Barua ya kwanza aliiandika pale pale barazani, nami nikairekebisha koma mbili. Inaeleza namna ya kutunza kikapu cha ukili: usikiloweke, maana rangi itachuja, kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kianike kivulini, mdomo ukiwa chini, mpini ukianza kulegea usisubiri ukatike, nitumie picha nikwambie namna ya kuushona.

Akaniuliza aweke bei ya vikapu vipya au asiweke. Nikamwambia aweke, mstari mmoja, mwishoni. Akaandika: "Vikapu vya mwezi huu vipo ishirini na viwili, shilingi 18,000, nauli ya basi juu yako." Akaisoma tena tangu mwanzo, dole gumba likiwa juu ya mstari ule, kisha akaituma.