Bunia: Pesa ya bomboni ndiyo chakula cha asubuhi cha watoto wa Saio

Kabla ya saa moja na nusu asubuhi, njia za mtaa wa Saio, hapa Bunia, zinajaa watoto wa shule za msingi, nguo nyeupe na buluu. Wengi wameshika noti ya franka 200 au 500. Waliokula kitu nyumbani ni wachache: makala yaliisha usiku, au mama alitoka mapema kwenda sokoni. Noti hiyo ndiyo itawafikisha saa sita na nusu, saa ya kurudi.

Noti hiyo sisi wazazi tunaiita pesa ya bomboni, na jina hilo limetupoteza. Tunaitoa kama zawadi, kitu cha kumfurahisha mtoto wakati wa rekreasyo, kisha tunamwachia achague mwenyewe. Mtoto wa miaka 7 anachagua kama mtoto wa miaka 7: biskuti, bomboni, juisi ya sashe yenye rangi kali. Tumbo lilikuwa tupu tangu jana jioni. Sukari inampa nguvu kidogo, halafu njaa inarudi katikati ya hesabu.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja kwa kumi ya nguvu zote ambazo mtu anapata kwa siku katika chakula. Kwa mtoto wa shule ya msingi, hiyo ni karibu gramu 40. Chupa moja ya sukre ya sentilita 33 inakaribia kiasi hicho peke yake. Upande mwingine, yai moja la kuchemsha lina karibu gramu 6 za protini, na konzi ndogo ya karanga inafika gramu 7. Hayo ndiyo yanayojenga mwili, katika nchi ambayo uchunguzi wa mwaka 2013-2014 ulikuta watoto 43 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Watoto wa kizazi hicho ndio tuliowaona wakiingia shule ya msingi.

Wengine watajibu kwamba chakula kizuri ni cha matajiri. Siyo kweli kwa Ituri. Karanga ni zetu, ndizi ni zetu, viazi vitamu na mihogo pia, na msimu wa avoka ukifika nyingine zinaozea chini ya mti. Tunaziacha hapo na kumnunulia mtoto biskuti iliyovuka mpaka wa Uganda.

Lakini kuna jambo la pili ambalo mzazi wa Bunia hawezi kulisahau: maji. Mtoto anatoka darasani na chaki na vumbi kwenye vidole, na mara nyingi bidoni ya maji ya shule ni tupu. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tulizoea kuona ndoo ya maji yenye klori mbele ya milango. Ugonjwa ulipoisha, ndoo nyingi zikaondoka nao, wakati kipindupindu hakijatuaga. Kwa hiyo mimi ningeanza na kitu chenye ganda lake: ndizi mbivu, yai ambalo halijamenywa, chungwa, karanga za kuchemsha na maganda yake, kiazi kitamu kilichopikwa na ngozi. Mtoto anamenya mwenyewe, na nzi hawakupata pa kukaa. Avoka iliyokatwa tangu asubuhi na kubaki wazi kwenye sahani, hapana. Karanga zenye ukungu pia hapana, hata kama zimekaangwa, maana sumu ya ukungu haiishi kwa moto wa sufuria. Na mdogo wake aliye chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, anaweza kupaliwa.

Kuna wanaotaka wakina mama wanaouza kwenye mlango wa shule wafukuzwe. Mimi sikubaliani nao. Kati ya mama hao wamo waliokimbia vita Djugu na Irumu, na beseni moja la mandazi ndilo linalolisha nyumba. Tena ukimfukuza mlangoni, ataketi ng'ambo ya barabara, na watoto watamfuata katikati ya pikipiki. Afadhali direkta na kamati ya wazazi, COPA, wakubaliane na mama wachache wanaojulikana: beseni liwe na kifuniko, pesa isishikwe na mkono ule unaoshika chakula, na pembeni ya mandazi yawepo mayai, ndizi na karanga. Mandazi si adui. Adui ni mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hadi yakawa meusi.

Ndani ya darasa ndipo pagumu zaidi. Mwalimu anayewauzia wanafunzi wake bomboni na biskuti anajulikana mijini mwetu mwote. Najua sababu: wapo walimu ambao leta haiwalipi, au inawalipa kidogo. Lakini mtoto hawezi kumkatalia mtu anayempa pointi. Biashara hiyo iishe, na malalamiko ya mshahara yapelekwe kwa anayepaswa kulipa.

Abaki yule asiye na noti yoyote. Wakati wa rekreasyo utamkuta karibu na ukuta, akitazama midomo ya wenzake. Nairobi, tangu 2023, mpango wa Dishi na County unampa mtoto wa shule ya serikali chakula cha mchana kwa shilingi 5 za mzazi. Gharama nyingine zinabebwa na jiji na wafadhili. Hapa kwetu, chini ya hali ya dharura tangu Mei 2021, sitegemei jimbo lianze kesho. Tena tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, shule ikiomba hata franka 100 inashukiwa kurudisha malipo kwa mlango wa nyuma, na wazazi wana haki ya kushuku.

Njia iliyobaki ni mchango wa vitu, bila kumlazimisha mtu, bila jina kusomwa mbele ya darasa. Mwenye shamba alete kopo la mahindi au soya, mwenye mti wa avoka alete avoka, wasio na kitu wasaidie kuteka maji na kupika uji. Uji huo wapewe wote wa darasa la kwanza na la pili, wenye noti na wasio nayo, ili asionekane nani hana. COPA inakutana mwanzoni mwa Septemba kila shule zikifunguliwa, na kila mara mazungumzo yanaisha kwenye madawati na nguo za shule. Hoja ya uji na ya ndoo ya maji ziwekwe juu ya karatasi, kabla watu hawajaanza kutoka mmoja mmoja.