Kadari Tunaiamini, Hekima Yake Hatukuambiwa

Takriban kila ukoo uliotoka Unguja na kutawanyika duniani una tafsiri yake ya mwaka 1964. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, siku chache tu kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Katika kufuatana huko wazee wetu walisoma mengi. Wako waliosema ni adhabu ya yaliyotangulia. Wako waliosema ni mtihani wa wenye subira. Wengine, walipofunguliwa milango ya Omani baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970, walisema: kumbe Mola alituondoa ili aturejeshe kwa mababu zetu.

Sikusudii kuwakejeli wazee. Tafsiri hizo ziliwatuliza watu waliopoteza nyumba, jamaa na makaburi ya wazazi wao, na faraja si jambo dogo. Lakini sisi wajukuu tumezirithi kama hati za shamba, na naona wakati umefika wa kuzipima.

Nchi hii ninamoishi hunifundisha kuzipima. Mwaka ule ule wa 1964, tarehe 12 Juni, Nelson Mandela na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha mjini Pretoria. Aliachiliwa tarehe 11 Februari 1990, miezi michache baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, na hapa wapo wanaoamini kwamba Mungu ndiye aliyeyapanga mambo hayo mawili yakafuatana. Huenda. Lakini aliyepanga saa ya kufunguliwa ndiye aliyepanga miaka 27 iliyotangulia, pamoja na wote waliokufa ndani yake. Anayedai kuijua hekima ya mlango uliofunguliwa atueleze pia hekima ya mlango uliofungwa.

Mfano ulio karibu zaidi nasi uko Durban. Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Agosti ya mwaka huo huo, watu walionaswa majahazini na manowari za Uingereza waliteremshwa bandarini Durban, wakaingizwa katika kazi za mkataba. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini wakaitwa Wazanzibari, na vizazi vyao huitwa hivyo hadi leo. Walikaa King's Rest, kule Bluff, mpaka sheria za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960.

Katika simulizi za koo nyingi za kwetu, mwaka 1873 hutajwa kama mwanzo wa kupungukiwa. Kwao ni mwaka wa kunusurika, na pia mwaka wa kutoonana tena na mama zao. Tarehe ni moja na Mola ni mmoja. Tafsiri ya nani basi ndiyo sahihi? Wahenga walisema Mungu si Athumani: hana ukoo anaoupendelea.

Imani ya kadari inatutaka tukubali kwamba hakuna kilichotokea nje ya elimu Yake. Haitutaki tudai kuisoma elimu hiyo. Katika kisa cha Musa na mja mwema, kilichomo katika Suratul Kahf, Nabii mwenyewe aliona jahazi likitobolewa, wala hakujua sababu mpaka alipoelezwa. Sisi hatuna wa kutueleza.

Tulichoachiwa ni wajibu. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianza Alexandra, hapa Johannesburg, yakaenea na kuua watu zaidi ya 60 nchini. Waliokimbia walibeba mafurushi kama yale ya wazee wetu. Jirani hakuhitaji kujua kwa nini Mungu aliichagua Mei ile. Alihitaji kuamua iwapo atafungua mlango wake. Kwa mtoto wa ukoo uliowahi kupokewa ugenini, jibu liko wazi.

Basi, ndugu zangu, tunapowaandikia watoto shajara za koo zetu, tuziandike tarehe zote, zikiwemo zile za waliotumikishwa katika mashamba yetu ya karafuu. Mbele ya kila tarehe tumtaje aliyeumia na aliyesitiri. Mahali pa sababu tuandike Allahu aalam, na tusiongeze neno.