Nyumba ya Kwetu na Ushuru wa Huku

Wengi katika jumuiya yetu hapa London wamekaa katika nyumba za kupanga kupita walivyokusudia, nao wakiulizwa husema kwamba mshahara wa huku haununui nyumba ya huku. Na hesabu yawapa haki, kwani bei iliyokuwa mwaka 1997 kama mara 4 ya mshahara wa mwaka, leo yakaribia mara 11, ilhali benki aghalabu hazikopeshi zaidi ya mara 4 na nusu. Mume na mke wapatao pauni 30,000 kila mmoja watakopeshwa kadiri ya 270,000, na nyumba ya 350,000 itawadai wenyewe akiba ya 80,000, huku kodi ya pango ikiimeza akiba hiyo kila mwezi.

Ndipo mtu akaamua kujenga kwao: kiwanja Kisauni au Mbezi, fundi akileta picha kwa simu, mwaka huu lenta, mwakani mabati. Hatumlaumu hata kidogo. Lakini liko jambo lisilosemwa sana barazani, nalo ni kwamba sheria ya ushuru wa stempu humhesabu kuwa mnunuzi wa kwanza yule tu ambaye hajapata kumiliki nyumba popote duniani, iwe ya kununua, ya kupewa au ya mirathi. Na fauka ya hayo, mwenye nyumba nyingine ya thamani ya pauni 40,000 au zaidi, ijapokuwa ng'ambo ya bahari, hutozwa nyongeza ya asilimia 5, iliyokuwa 3 hadi Oktoba 2024. Kwa nyumba hiyo hiyo ya 350,000, mnunuzi wa kwanza hulipa pauni 2,500, na mwenziwe mwenye ghorofa Mombasa hulipa 25,000.

Wengi huyajua haya mbele ya wakili, bei imekwisha kuafikiwa na ada ya mpimaji imekwisha lipwa. Tena wako wazee wetu ambao, kwa mapenzi tu, huandikisha katika hati jina la mwana aliye huku, wasijue kwamba wamempunguzia haki yake.

Kwa rai yetu, mwenye azma ya kulea watoto hapa anunue kwanza hapa, ajenge baadaye. Na mwenye nia ya kurejea ajenge kwao, apange huku bila haya. Suala la riba, na zile benki zinazonunua kwa musharaka na mteja, lataka tahariri yake.

Na aliyekwisha jenga asimfiche wakili. Watu husema hati ya Mombasa haionekani London. Lakini anayeyathibitisha maelezo ya ushuru ni mnunuzi mwenyewe, na akigunduliwa kuwa amesema uongo, hudaiwa ushuru uliopungua, riba yake, na faini juu yake.