P moja, maana mbili
Ukitaka kuona Kiingereza kinavyogawa ardhi, nenda Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Herufi nne tu za vifupisho vya Kiingereza vya leseni za madini, P, S, M na L, zinaamua nani achimbe na nani atazame. PL ni leseni ya utafutaji, kuchimba hairuhusu. PML ni ya uchimbaji mdogo, ya miaka 7, na Sheria ya Madini ya 2010 imewatengea Watanzania. ML ni ya uchimbaji wa kati. SML ni ya miradi ya kuanzia dola milioni 100, nayo ndiyo ya Bulyanhulu. L ni leseni kote, hapo hakuna ugomvi. Kigeugeu ni P: kwenye PL ni utafutaji, kwenye PML ni "ya awali". Mchimbaji aliyeishia darasa la saba, anayejua duara (shimo la kuchimbia) na karasha (mashine ya kusaga mawe) kuliko maofisa wengi, atajuaje tofauti hiyo? Matapeli wa karatasi za leseni, bila shaka, hawamwelezi. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Basi, Tume ya Madini, mnaotoa leseni hizi, jina kamili la Kiswahili litangulie herufi hizo, tena kwa maandishi makubwa.