Maoni: Mwenye taa aliokota mdudu pangoni, jina likaenda kwa bwana mkubwa

Mwaka 1831, katika pango la Postojna, kwenye inchi inayoitwa leo Slovenia, Luka Čeč, mfanyakazi wa taa za pango hilo, aliokota mdudu ambaye wataalamu hawakuwa wanamjua. Ni mdudu wa jamii ya mbawakawa, wale wenye mabawa magumu mgongoni. Lakini huyu hana macho wala haruki. Miguu yake ni mirefu, shingo nyembamba, mgongo umevimba kama tone la maji.

Čeč alimpa bwana mkubwa wa pale, Franz von Hohenwart. Huyo akamfikisha kwa Ferdinand Schmidt, mpenzi wa elimu ya wadudu katika mji wa Ljubljana. Mwaka 1832, Schmidt alichapisha maelezo pamoja na jina: Leptodirus hochenwartii. Neno la kwanza ni la shingo nyembamba. La pili ni heshima kwa bwana mkubwa. Mwenye taa hakupata hata herufi moja.

Kuna watakaosema kwamba Schmidt ndiye aliyefanya kazi ya elimu. Ni kweli. Kupima miguu, kulinganisha mdudu na wengine na kumpanga katika jamii yake si mchezo. Lakini bila ile taa, angelinganisha nini?

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Karibu na Mbanza-Ngungu, katika Kongo-Kati, kunaishi samaki wa mapangoni asiye na macho. Wenyeji wanamuita Nzonzi a mpofo, na hata msemaji wa Kiswahili anasikia humo neno kipofu. Mwaka 1921, Boulenger alimuandika kwa jina la Caecobarbus geertsii. Geerts ni jina la Kibelgiji. Wenyeji hawamo.

Na kufuatana na sheria ya majina ya wanyama, jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalobaki. Halifutwi kwa sababu watu wamelichukia baadaye. Kwa hiyo haki ya muokotaji inalindwa kabla ya kuchapisha. Baadaye ni kulia tu.

Huko Ituri, mapango ya Mont Hoyo yapo. Siku watafiti watakapoingia humo kutafuta wadudu, mbele yao atatembea kijana wa kijiji mwenye tochi, anayejua pa kukanyaga na pa kuinama. Malipo ya siku hayatoshi. Jina lake liandikwe kwenye karatasi ya mdudu, pamoja na tarehe na pango. Liandikwe pia katika maelezo yatakayochapishwa. Na vyuo vikuu vyetu vidai kwamba mwanafunzi Mkongomani awe kati ya wenye kutoa jina.

Hilo halihitaji pesa nyingi. Jina la mdudu halilipiwi kodi. Linahitaji tu mtu wa kuuliza, kabla kitabu hakijafungwa: nani alishika taa?